Asilimia 20, kisha 10, kisha 2 ya kulipa mapema: ankara ya mabati inapigwaje hesabu?

MamaMabati_Masasi

Habari zenu wadau. Wakubwa shikamooni.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi, upande wa Mkuti. Si kubwa: mabati, misumari, saruji, rangi kidogo na nyaya. Mwezi huu wa tisa ndio ninaojaza mabati, maana minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi na pesa ikaingia kwa wakulima, kila mtu anakumbuka kwamba nyumba yake inavuja. Ukingoja mpaka wakati huo ndipo uagize, jirani yako ameshauza.

Nimechukua mzigo malikauli, yaani nalipa baadaye, kwa muuzaji wa jumla pale Mtwara mjini. Ankara ni ya tarehe 12 Septemba. Mabati 120 ya geji 30, bei ya orodha 30,000 kila moja, jumla 3,600,000. Misumari ya bati katoni 4 kwa 100,000 kila katoni, jumla 400,000. Yote kwa bei ya orodha ni 4,000,000, VAT imo ndani. Chini yake ameandika "punguzo 20% na 10%". Kisha usafiri mpaka Masasi, 120,000. Halafu mwisho kabisa, kwa maandishi ya kuchungulia, "2/10, n/30".

Mzigo umefika tarehe 15. Mabati 10 yamekunjwa kona vibaya, hata mteja mlevi asingeyachukua. Nimeyarudisha na lori lile lile, dereva kasaini, na muuzaji amekubali kwa simu.

Ugomvi uko nyumbani. Mtoto wa dada yangu anasoma uhasibu chuo huko Mtwara, yuko kwangu likizo. Yeye kapiga hivi: 20 na 10 ni 30, kwa hiyo mzigo ni 2,800,000. Toa 300,000 ya mabati yaliyorudi, inabaki 2,500,000. Ongeza usafiri, 2,620,000. Toa asilimia 2, unalipa 2,567,600. Muuzaji yeye anasema nikilipa mapema nimpelekee 2,730,720. Kati yao kuna 163,120, na hela hiyo mimi siiachii kwa mtu kuniambia "ndivyo ilivyo".

Nani yuko sahihi? Na hizo siku 10 zinaanza ankara ilipoandikwa au mzigo ulipofika? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: mkononi nina 1,500,000 tu. Kikundi chetu cha hisa kinakopesha kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Nikope nijazie ili niipate hiyo 2, au nitulie mpaka siku 30 ziishe?

LejaYaLindi

Marahaba mama. Nimefundisha hesabu za biashara na utunzaji wa vitabu hapa Lindi mpaka nikastaafu, na hiyo "20 na 10 ni 30" nimeikata kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto ambao leo wana wajukuu. Muuzaji wako yuko sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Fuatana nami taratibu.

Punguzo la biashara linapokuwa zaidi ya moja, kila moja linachukuliwa kwenye kilichobaki, si kwenye bei ya orodha. 4,000,000 toa asilimia 20 inabaki 3,200,000. Asilimia 10 inatoka kwenye hiyo 3,200,000, yaani 320,000, si 400,000. Inabaki 2,880,000. Njia ya haraka ni kuzidisha kinachobaki: 0.80 mara 0.90 ni 0.72. Maana yake unalipa asilimia 72 ya orodha, na punguzo halisi ni asilimia 28. Ukitaka kulipata kichwani ukiwa umesimama dukani: jumlisha 20 na 10, halafu toa 20 mara 10 gawa kwa 100. Thelathini toa mbili, ishirini na nane. Akianza na 10 kisha 20 jibu ni lile lile, kwa hiyo usigombane naye juu ya lipi litangulie. Yakiwa matatu, kwa mfano 20, 10 na 5, zidisha tena kwa 0.95 upate 0.684. Punguzo hapo ni 31.6, wala si 35.

Kwa nini asiandike 28 moja kwa moja? Mara nyingi la kwanza ni la kuwa mwenye duka, si mnunuzi wa nyumba moja, na la pili ni la wingi wa mzigo. Kesho ukichukua mabati 15 atalifuta la pili na kukuachia la kwanza, bila kuchapa orodha mpya ya bei.

Mabati yaliyorudi. Bati moja hukuuziwa 30,000. Uliuziwa 30,000 mara 0.72, yaani 21,600. Utarudishiwaje zaidi ya ulichotozwa? Mabati 10 ni 216,000. Toa kwenye 2,880,000, unabaki na bidhaa za 2,664,000.

Sasa ndiyo inakuja ile 2/10, n/30: asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo lipa yote ndani ya siku 30. Hili ni punguzo la fedha taslimu, nalo hukokotolewa baada ya punguzo la biashara na baada ya kutoa vilivyorudi, kwenye thamani ya bidhaa peke yake. Asilimia 2 ya 2,664,000 ni 53,280. Inabaki 2,610,720. Ongeza usafiri 120,000, unapata 2,730,720. Ndiyo aliyokutajia.

Ukitaka kumwonyesha kijana ile 163,120 imetoka wapi: 80,000 ni ya kuhesabu 30 badala ya 28, na 84,000 ni ya kurudisha mabati kwa bei ya orodha. Jumla 164,000. Halafu punguzo la 2 kwake limekuwa dogo kwa 880 kuliko la muuzaji, toa hiyo.

Siku zinahesabiwa tangu tarehe ya ankara, isipokuwa imeandikwa vingine. Tarehe 12 yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kumi ni tarehe 22 Septemba na ya thelathini ni tarehe 12 Oktoba. Siku tatu za barabarani zimekula kwako. Safari ijayo mwombe aandike "tangu mzigo upokelewe". Wengi hukubali, ila hawajitolei.

Neno moja la vitabu. Hilo la 28 usiliingize kwenye leja. Andika manunuzi 2,880,000 kana kwamba 4,000,000 haikuwahi kuwepo, na marejesho 216,000. Lakini ile 53,280, siku utakayoipata, inaandikwa: safu ya punguzo, upande wa kulia wa daftari la fedha, kama punguzo lililopokewa. La kwanza ni namna ya kutaja bei tu. La pili ni faida uliyoichuma kwa kulipa mapema, na mwisho wa mwaka utataka kuiona.

NjombaNachingwea

Mzee kafundisha vizuri, sina la kupinga kwenye hesabu. Ila mimi mfanyabiashara nakwambia dada, hiyo asilimia 2 ni chambo. Elfu hamsini kwenye mzigo wa milioni mbili na nusu! Kaa na milioni na nusu yako, nunua saruji, izungushe. Tuseme mfuko unaununua 16,000 na unapata faida ya 500, hiyo ni asilimia 3 na ushee. Ukimaliza kuuza ndani ya wiki mbili umeshaipita hiyo 2 ya muuzaji, na deni lako bado lina siku.

Hesabu_Mikindani

Njomba, hapo umetumia kipimo sahihi, ila ukaita chambo kitu ambacho hukukipima.

Asiyelipa tarehe 22 anaruhusiwa kukaa mpaka tarehe 12 Oktoba. Anachonunua ni siku 20 za ziada. Bei yake ni ile 2 anayoiacha, na anaitoa kwa kila 98 ambayo angelipa. Gawa 2 kwa 98 unapata asilimia 2.04 kwa siku 20. Mwaka una vipande 18 na robo vya siku 20. Zidisha: asilimia 37.2 kwa mwaka. Muuzaji anakukopesha kwa bei hiyo, kwa tabasamu na kikombe cha chai. Kwa siku 30 ni kama asilimia 3.06.

Kwa hiyo swali la dada si kama 2 ni ndogo au kubwa. Swali ni hela yake, au hela anayoweza kuikopa, inagharimu au inazaa zaidi ya 2.04 katika siku hizo 20. Saruji yako ikizaa 3 ndani ya wiki mbili, kweli asilipe mapema. Ikilala stoo mwezi mzima, alipe.

Kuhusu kikundi cha hisa, jibu ni hapana, na nitaonyesha kwa nini. Bidhaa zinahitaji 2,610,720 kabla ya tarehe 22. Unayo 1,500,000, ungekopa 1,110,720. Riba ya mwezi kwa asilimia 5 ni 55,536, na vikundi vingi vinatoza mwezi mzima hata ukirudisha siku ya ishirini. Punguzo lote ni 53,280. Umeshapata hasara kabla hata ya kuhesabu vizuri.

Na ukihesabu vizuri ni mbaya zaidi. Hiyo 1,500,000 yako ingeweza kukupa sehemu ya punguzo peke yake, bila mkopo, kama muuzaji anakubali malipo ya nusu nusu. Watu wengi wangesema ni asilimia 2 ya 1,500,000, yaani 30,000. Sivyo. Hela unayotoa ni ile 98, si ile 100. Gawa 1,500,000 kwa 0.98: unafuta deni la 1,530,612, na punguzo ni 30,612. Kwa hiyo ule mkopo ungekuletea punguzo la 22,668 tu lililobaki, nawe umelipia 55,536. Hasara ya 32,868 kwa mkono wako mwenyewe.

Ingekuwa una ruhusa ya benki ya kuchota kupita salio, tuseme kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba ya 1,110,720 kwa siku 20 ni kama 10,955. Hapo kukopa kungelipa, kama hawakutozi ada nyingine kwa mlango wa nyuma.

Mtoto_wa_Dada

Mama mdogo, yaani umenianika mbele za watu wa kusini yote.

Hilo la 28 nimelielewa. Lakini Mzee wa Lindi naomba unijibu: kwa nini usafiri usipate asilimia 2? Umeandikwa kwenye ankara ile ile, deni ni moja, na "2/10" haikusema "isipokuwa usafiri". Mwenye ankara asipofafanua, mimi mnunuzi nachukua tafsiri inayonifaa.

Na lingine: tumepewa swali lenye ankara ya tarehe 12 na masharti ya "2/10 mwisho wa mwezi". Hapo siku 10 zinaanza wapi?

LejaYaLindi

Swali zuri hilo, ulilete darasani pia.

Usafiri si bidhaa yake. Amemlipa mwenye lori 120,000, naye anaidai kwako 120,000 ile ile. Akikupunguzia 2 hapo anatoa 2,400 mfukoni kwa kazi ambayo hakupata faida. Ndiyo maana desturi ya biashara, na mitihani pia, inaiweka nje. Mkikubaliana vingine ni halali yenu. Ila kuchukua tafsiri inayokufaa bila kumwuliza, kwa muuzaji ambaye mama yako mdogo atamhitaji mwezi wa kumi na moja bati likiwa adimu, kwa ajili ya 2,400? Mtihani utakupa alama sifuri, na duka litakupa mzigo wa mwisho kwenye foleni.

Mwisho wa mwezi: siku 10 zinaanza baada ya mwezi wa ankara kuisha. Ankara ya 12 Septemba inalipwa kwa punguzo mpaka tarehe 10 Oktoba. Soma pia kama swali linaweka sharti la ankara zilizoandikwa kuanzia tarehe 26. Katika vitabu vingi hizo zinasogezwa mwezi mmoja mbele zaidi.

MamaMabati_Masasi

Ahsanteni sana, na Mwenyezi Mungu awazidishie.

Njomba, saruji yako ya wiki mbili ni ya Nachingwea, au ni ya mwezi wa kumi na mbili. Hapa kwangu Septemba mfuko wa saruji unakaa mpaka unakuwa jiwe. Watu wanangoja mnada. Kwa hiyo 1,500,000 yangu haizai chochote mpaka katikati ya Oktoba, na nikiiacha ndani itaniishia kwenye michango ya harusi. Nimeamua nailipa. Kukopa sikopi.

Ila lingine limeibuka. Leo fundi mmoja ninayemheshimu amekuja ana kazi ya nyumba mbili, anataka mabati 40, na anadai "punguzo la biashara" kama mimi ninavyopewa. Anataka asilimia 10. Bei yangu ni 26,000.

NjombaNachingwea

Haya, saruji nimeiondoa, tusigombane. Kwenye fundi ndipo nina uzoefu.

Bati limekusimamia 21,600. Weka usafiri kama 1,000 kwa kila moja, 22,600. Ukiuza 26,000 unapata 3,400. Asilimia 10 ya bei ni 2,600. Inakubakia 800! Yeye anaona amepunguziwa sehemu moja ya kumi, wewe umetoa zaidi ya robo tatu ya faida. Na hapo kodi ya fremu bado, kijana wa dukani bado.

Usimpe asilimia ya bei. Mpe shilingi. Mimi mafundi nawapa 500 kwa bati kuanzia mabati 20, na nampa mwisho wa kazi, siyo mwanzo, ili na misumari anunue kwangu. Na ile 30,000 ya orodha usiitaje kabisa mbele yake. Akijua ipo atadai apunguziwe kutoka hapo, nawe huku kusini hujawahi kuuza kwa 30,000.

Hesabu_Mikindani

Naunga mkono. Ongezea hili: kama fundi anataka kuchukua sasa na kulipa tajiri wake akiuza korosho, basi punguzo hata la 500 lisiwepo. Wewe mwenyewe umeona siku 20 zinauzwa bei gani.

Kabla ya kutuma hela Mtwara, mwulize muuzaji kwa ujumbe wa maandishi kama anakubali punguzo kwenye malipo ya sehemu. Wapo wanaosema ni yote au hakuna, na 2/10 peke yake haikupi haki hiyo.

MamaMabati_Masasi

Nimemwuliza, amejibu kwa maandishi. Anakubali sehemu, ila mjanja huyo: usafiri unakatwa kwanza kwa ukamilifu, kinachobaki ndicho kinachopata 2. Nimekaa na mtoto tukapiga, safari hii bila ugomvi. 1,500,000 toa 120,000 ni 1,380,000. Gawa kwa 0.98, nafuta deni la 1,408,163. Punguzo 28,163. Nitabaki nadaiwa 1,255,837 mpaka tarehe 12 Oktoba. Ile ya Mikindani ingeniachia 1,253,388, kwa hiyo kanichukulia kama 2,450. Nimemwacha, kwa sababu nimemwambia mzigo ujao siku zihesabiwe tangu nipokee, na amekubali.

Nimetuma leo tarehe 20 kwa wakala wa benki, risiti ninayo. Fundi kakubali 500 yake baada ya kununa kidogo, kachukua 40 kwa taslimu. 1,020,000 hiyo imeshaingia, kwa hiyo sasa natafuta 235,837 tu.

Kama kuna mtu ana lori linalokuja Masasi kutoka Mtwara wiki hii, lina nafasi ya mabati 10 ya kubadilishiwa, aniandikie. Hayo sitaki yanichajie usafiri upya, ameahidi kuulipa mwenyewe.

Mtoto_wa_Dada

Mama mdogo, akikuletea mabati 10 badala ya kukutoa 216,000, si deni linarudi kuwa la 2,880,000? Umemwuliza kama hayo nayo yana 2, na siku zake zinaanza lini?

MamaMabati_Masasi

Naenda kumpigia sasa hivi.